Wakundaji Wanane

Benchi letu liko nyuma ya ukumbi wa mnada wa samaki, pale ambapo ukuta unatoa kivuli mpaka saa tano na maji ya kuoshea meza yanapita kwenye mtaro chini ya miguu yako, kwa hiyo ukikaa inabidi uinue visigino. Wanaokaa hapo ni wale wale. Kuna Barafu, anayesaga barafu na kuimwaga juu ya makasha. Kuna Kurunzi, anayezamia usiku na mkuki na tochi. Kuna Mama Birika mwenye kahawa, na kuna mimi, ninayepaa samaki wa watu meza ya tatu. Wananiita Magamba, na aliyenibandika jina hilo siku nikimjua atanitambua. Asubuhi ninayoisema alikuwepo pia kaka yangu, Brashi, mchoraji wa mabango, ila yeye hakukaa. Alisimama mbele ya ubao wake ulioegeshwa ukutani, rangi haijakauka vizuri, na kila akirudi nyuma hatua mbili kuutazama alikanyaga mtaro.

Ilikuwa saa mbili na nusu. Saa nne msimamizi wa ukumbi angekuja kuukagua. Akiukubali, Brashi angechora na mbao nyingine kumi na moja, kila ubao jamii moja ya samaki, zipangwe kwenye kuta zote nne ili wanunuzi wajue wanachonunua. Akiukataa, ukumbi ungechukua mabango ya plastiki kutoka duka la uchapaji, na kaka yangu angerudi nyumbani kwangu kulala chali akitazama mabati. Nasema mabati kwa sababu nyumba yangu haina dari. Miezi kumi na mitano, tangu ateleze ngazini akavunjika kifundo cha mkono wa kulia, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Nampenda kaka yangu, lakini siku moja zaidi ya mabati ingetutoa roho sote wawili.

Ubao wa kwanza aliopewa ulikuwa wa mkundaji. Unamjua mkundaji, yule samaki wa chini mwenye ndevu mbili kidevuni, anayepita juu ya mchanga akiuchokoachokoa kwa ndevu zake kama mtu aliyeangusha sindano. Msimamizi alimwambia achore jamii nzima, kila aina na rangi yake halisi. Sasa Brashi hajui samaki, anajua rangi. Akafanya alichoona ni busara: akaja kukaa kijiweni wiki tatu, akatuuliza sisi.

Hapo ndipo tulipomponza.

— Wanane, alisema Barafu asubuhi ile, akiwahesabu kwa kidole bila kuinuka. Wametimia.

— Mwanzo ulisema saba, nikamwambia.

— Mwanzo palikuwa na nafasi pale chini kulia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na kweli aliuziba. Alitoa kwenye kasha lake mkundaji mmoja mweupe pee, macho yameingia ukungu, akaapa kwamba hiyo ni aina ya peke yake, ya maji ya baridi. Samaki mwenyewe alikuwa amelala kwenye barafu siku mbili, lakini nani angefungua mdomo? Kila mmoja wetu alikuwa na wake pale ubaoni, na ukimfukuza wa mwenzako, anayefuata ni wako. Kurunzi alikuwa na mwekundu mwenye mabaka, anayemkuta usiku mchangani. Mama Birika alisimamia wawili, wa njano mtupu na wa buluu mwenye kibandiko cha njano mgongoni, akisema ni mke na mume na asitokee mtu wa kuwatenganisha. Mimi nilikuwa na wangu, wa rangi ya waridi kuanzia kichwa hadi mkia. Huyo namwona mezani kwangu kila siku ya Mungu, angeniambia nani kwamba hayupo?

Waliobaki hawakuwa na ubishi: mwenye mstari mweusi ubavuni na doa jeusi mkiani, mdogo mwenye mkia wa mistari, na mweupe mwenye mstari wa njano, yule wanayemleta mchana watu wa madema, ile mitego ya kusukwa. Watatu wa wote, watano wa kwetu.

Kahawa ya kwanza haijaisha, Brashi akageuka. Uso ulikuwa umemchakaa, nikajua hakulala.

— Kuna kitu kinanisumbua, akasema.

Akatoa kigezo chake. Wachora mabango ndivyo wanavyofanya kazi: umbo likijirudia wanalikata kwenye karatasi ngumu, wanalibandika ubaoni na kulizungushia penseli, halafu ndipo wanatia rangi. Alituelezea kwamba kigezo hiki alikikata kwa ajili ya yule mweupe mwenye mstari wa njano, akimpima samaki mwenyewe aliyelala juu ya gazeti. Alipofika kwa mwekundu wa Kurunzi alitaka kukata kingine, akapima, akakuta hakuna haja. Paji la uso lile lile, urefu wa ndevu ule ule, na mkia umeingia ndani vile vile. Alipofika kwa wangu wa waridi, hakuna haja. Kwa yule wa Barafu, hakuna haja. Lakini kwa mwenye mstari mweusi kigezo kilikataa kabisa, kwa sababu huyo ana pua ndefu.

— Kwa nini karatasi moja iwatoshe wanne? akauliza. Nina saa moja na nusu. Niambieni ukweli.

Ukimwomba ukweli mtu wa kijiweni, anakupa mwingi kuliko ulioomba. Barafu alianza polepole, akasema ni ndugu, na ndugu hufanana, mbona yeye na mdogo wake wanavaa viatu vya namba moja? Mama Birika akasema si undugu tu, ni mama mmoja, wale wanne ni mapacha, na pacha wa kwanza kutoka ndiye huchukua rangi nyekundu kwa sababu amesukuma mlango. Nikamuuliza amezaa mapacha mara ngapi, akaniambia pilipili usiyoila yakuwashiani.

Kurunzi hakupenda maneno ya mapacha. Yeye anawaheshimu samaki wake. Akasema jambo liko wazi kwa mtu aliyefika kule chini: wale wekundu ni walinzi. Jua likizama wanatoka mapangoni, wanalala juu ya mchanga kulinda shamba la wenzao lisichokolewe na wageni. Ndiyo maana wana mabaka. Hizo ni sare.

— Walinzi wanaolala? nikasema.

— Umewahi kuona mlinzi gani asiyelala?

Tukanywa. Brashi hakunywa. Alikuwa amechovya kitambaa kwenye kopo la mafuta ya taa akakishika tu mkononi, kitambaa kinadondoka juu ya kiatu, na mimi nilikuwa natazama ule mkono. Nimeuona ukishindwa kufunga kifungo. Nimeuona ukimwaga chai. Nikaanza kuhesabu nani alaumiwe, nikajikuta mimi ni wa kwanza, kwa kuwa ndiye niliyemwambia aje kijiweni kuuliza.

Barafu, akiona walinzi wamependwa kuliko ndugu, akapandisha. Akasema mwili wa samaki unaufuata moyo wake, na baridi ndiyo inayotuliza moyo, kwa hiyo samaki wake wa barafu si aina ya kwanza wala ya pili, ni mzee wa jamii nzima, ndiye aliyetulia. Wote wanaelekea kuwa kama yeye. Mama Birika akasema kama ni hivyo basi na sisi sote tunaelekea kwenye kasha. Kurunzi akaanza kusema kuna mwekundu mmoja, mkubwa kuliko wote, aliyewahi kuizima tochi yake kwa ndevu.

— Tochi yako ilikwisha betri, nikamwambia, nikainuka kwenda mezani.

Nilipaa samaki wawili wa mteja, nikarudi. Sikuweza kukaa huko wala kukaa hapa. Saa ya ukumbi ilisema tatu na dakika ishirini. Nikarudi mezani, nikajikata kidole kwa kisu changu mwenyewe, kitu ambacho hakijanitokea tangu nianze kazi, nikarudi tena kijiweni nimekifunga kwa utepe wa mfuko. Walikuwa wamefika kwenye swali la kama mkundaji ana dini.

Mtu mwembamba alitokea kwenye kona ya ukuta. Kwapani alikuwa na bango refu limekunjwa, na mkononi sanduku la mashine ya kutobolea ukuta. Akatuamkia, akauliza kama huu ndio ukumbi. Tukamwambia ndio. Akasema ametumwa na duka la uchapaji kuja kusubiri hapa saa nne, aambiwe kama atatundika au atarudi na mzigo wake.

Wote tulilitazama lile bango, naye akalivuta kwapani zaidi, kama mtu aliyebeba kitu kisicho chake.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Mama Birika, akammiminia. Methali hiyo nimeisikia maisha yangu yote, na sijawahi kuiona ikisemwa mahali pabaya kuliko pale.

Fundi akakaa mwisho wa benchi. Akainua visigino bila kuambiwa. Brashi alimtazama mara moja, akaurudia ubao. Barafu, kuonyesha kwamba hatuna wasiwasi, akamweleza mgeni kwa sauti kubwa habari ya ndugu, ya baridi na ya walinzi, na Kurunzi akasahihisha sare. Yule mtu alisikiliza vizuri, kikombe kimesimama njiani. Hakucheka. Alipoona wamenyamaza kupumua, akanyoosha kidole kwa adabu kwenye samaki mweupe mwenye mstari wa njano.

— Samahani, akasema. Huyu wa mchana, usiku analala wapi?

Kurunzi alikuna goti.

— Wewe si ndiye wa usiku, nikamwambia. Mjibu.

— Usiku sijamwona, akasema Kurunzi. Miaka tisa. Usiku namwona mwekundu.

— Wengi?

— Wamejaa.

Brashi aligeuka taratibu sana.

— Na watu wa madema, akasema, wamewahi kuleta mwekundu mchana?

Alikuwa anatuuliza sote, lakini aliyejua ni mimi, kwa sababu samaki wa madema wanapitia mezani kwangu. Nikafikiri. Nilitamani sana kukumbuka hata mmoja. Mchana wanaletwa weupe wenye mstari wa njano, wakirukaruka kwenye kikapu, wananifikia mezani wamekata roho, na ninapoweka kisu wamekuwa wa waridi. Jambo hilo nalijua. Mikono yangu inalijua miaka yote hii, ni mimi tu ambaye sikuwahi kuiuliza. Nikamtazama Barafu, naye alikuwa ameinama anatazama mtaro, kwa sababu wa waridi ndio anaowanunua kwangu, na wakikaa siku mbili kwenye kasha wanatoka weupe pee.

— Hapana, nikasema. Hawajawahi.

Wanne walikuwa mmoja. Akiwa kazini mchana, amelala usiku, amekufa, na amekaa kwenye kasha. Kila mmoja wetu alikutana naye saa yake, akampa jina, akamwapia.

— Basi yaache yalivyo, akasema Barafu. Rangi inakauka. Msimamizi hajui.

— Mimi nimejua, akasema Brashi.

Akaanza na wa Barafu. Mafuta ya taa yakapita, samaki akatoka kijivujivu kwenye kitambaa. Kisha wa waridi, wangu, naye akamfuta akiwa ananitazama mimi, si kwa hasira, kama anayeomba radhi, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Alipofika kwa mwekundu alisimama.

Hapa lazima niseme kitu ambacho wenzangu hawakukijua. Yule mwekundu ndiye aliyemrudishia mkono. Wa kwanza wote aliwachora akiushikilia mkono wa kulia kwa wa kushoto, mistari inatetemeka, anaifuta na kuirudia. Siku ya mwekundu nilirudi kutoka kazini nikamkuta anapiga mluzi, mkono wa kushoto uko mfukoni, na yale mabaka anayaweka moja moja kana kwamba hakuwahi kuanguka. Ndiye samaki mzuri kuliko wote ubaoni, kipofu angekuambia. Nilimwona akivuta pumzi. Halafu akamfuta, kuanzia mkia, na alipofika kwenye jicho akamaliza haraka.

Msimamizi alifika saa nne kasoro dakika tano, mwanamke asiye na muda wa salamu ndefu. Akautazama ubao. Wakundaji watano na madoa matatu ya mafuta.

— Hapa palikuwa na nini?

— Makosa, akasema Brashi. Huyu mweupe akilala anakuwa mwekundu, na akifa anageuka tena. Nilimchora mara nne. Nipe siku nne nipange upya.

Msimamizi akamwambia fundi akunjue bango lake. Fundi alisitasita, akalikunjua, Kurunzi akamshikia upande mmoja. Plastiki ilimetameta ikatuumiza macho. Wakundaji wanane. Mweupe mwenye mstari yupo, mwekundu mwenye mabaka yupo, wa waridi yupo, na pale chini kulia alikuwepo mzee wa Barafu, mweupe pee, macho yenye ukungu.

— Hawa mliwatoa wapi? akauliza Brashi.

Fundi akasema bosi wake alimtuma mtu huku wiki mbili zilizopita, na daftari, akae benchi la nyuma aulize wenyeji. Nikamkumbuka. Mpole mmoja, alitununulia kahawa sote. Wa waridi nilimpa mimi mwenyewe, na nikamtajia mpaka urefu wa ndevu.

— Mama, fundi akamwambia msimamizi, na sauti ilikuwa ndogo, nadhani huyu mchoraji ndiye mwenye haki. Hawa wanne ni mmoja.

— Wewe umeletwa kutoboa, akasema msimamizi. Akamgeukia kaka yangu, na hapo alisema kwa upole, hilo sitamdhulumu: mkono wako umepona, nimefurahi. Lakini humu wanaingia watu mia tatu kila asubuhi, na hakuna atakayeuliza samaki analala wapi. Nataka ukuta uliojaa, na unaopanguswa kwa maji.

Akaingia ndani. Fundi akaokota sanduku lake, akamfuata, hakumtazama mtu. Baada ya muda tukasikia mashine inakula ukuta.

Nilikuwa na hasira ya kuweza kuubeba ule ukumbi. Hasira kwa msimamizi, kwa Barafu, kwa mdomo wangu. Lakini zaidi ilikuwa hofu, nisifiche. Nilishaanza kupanga maneno ya jioni, yale ya kumwambia mtu aliyelala chali ili ainuke ale, maneno niliyoyatumia miezi kumi na mitano mpaka yakaisha ladha. Mama Birika alitikisa birika, akasema imekwisha, na hakuna aliyelalamika. Brashi alikuwa ameinama anakaza kifuniko cha kopo la mafuta. Akajinyoosha.

— Kurunzi, akasema. Huwa unaingia majini saa ngapi?

— Giza likishakuwa giza. Kwa nini?

— Leo twende kabla. Nikae kwenye mtumbwi na ile ndoo yenu yenye kioo chini. Nataka niwepo anapogeuka.

— Mkono huo utashika nini kwenye mtumbwi? nikamuuliza, na sauti ikatoka kali kuliko nilivyotaka.

— Penseli, dada.

Kurunzi akasema mkundaji hamngoji mtu, kwa hiyo saa kumi na moja kamili wawe pwani. Brashi akasema saa kumi na nusu. Wakaanza kubishana juu ya hiyo nusu saa, Barafu naye akaingia, akiuliza kama mtumbwi una nafasi ya tatu.

Tangu aanguke, kaka yangu hakuwa ameuliza saa ya kitu chochote. Nililia palepale benchini, mchana kweupe, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa imejaa magamba sikuweza hata kujipangusa. Mama Birika ndiye aliyenifuta, kwa upindo wa nguo yake, huku akiniambia nitulie, watu wanapanga safari.